Kutoka Ibada ya Asubuhi Hadi Onyesho la Mtihani: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Muziki katika Chuo cha Kikristo

Mwanafunzi wa muziki katika chuo cha Kikristo hakosi jukwaa. Kuna ibada katikati ya wiki, kwaya ya chuo, timu ya sifa, mialiko ya makanisa kila Jumapili, harusi za Jumamosi na siku ya mahafali. Anachokosa ni saa za kukaa peke yake na ala yake. Wengi hufika muhula wa onyesho la mtihani wakiwa wameimba kila mahali na kujiandaa kidogo, halafu wanashangaa alama zikirudi chini kuliko makofi waliyozoea.

Sikubaliani na wanaosema dawa ni kuacha huduma. Majukwaa hayo yote yanaweza kuwa ngazi ya kupandia kwenye mtihani, mradi uyapange wewe, yasikupange. Namwandikia aliye Kabarak, nje kidogo ya jiji la Nakuru, aliye katika chuo cha kanisa Kisumu au Kakamega, na hata anayesoma muziki Maseno huku akiishi ndani ya kwaya. Nimechukua muhula wa wiki 14 kuwa kipimo. Wako ukiwa mfupi, bana hatua lakini usiruke yoyote.

Wiki ya kwanza: ratiba mbili, karatasi moja

Chora siku saba kwenye karatasi. Andika kwanza yasiyosogea: vipindi vya darasa, ibada, mazoezi ya kwaya, zamu yako ya kuongoza sifa. Kilichobaki ndicho shamba lako, na mara nyingi ni kidogo kuliko ulivyodhani. Ndani yake weka vipindi vitatu vya mazoezi kwa siku, kila kimoja dakika 40. Vipindi vitatu vifupi vinashinda saa mbili za mfululizo, kwa sababu koo na vidole vikishachoka vinaanza kuzoea makosa, na kosa lililozoeleka hudai kazi ya wiki nzima kuling'oa.

Vyumba vya mazoezi huwa vichache, na vyenye piano iliyosawazishwa ni vichache zaidi. Baada ya chakula cha jioni kila mtu hukumbuka kwamba ana mtihani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chumba hicho hicho kiko wazi na hakuna anayegonga mlango. Mjue mtunza ukumbi kwa jina, msalimie hata siku usiyohitaji ufunguo. Yeye ndiye atakayekufungulia wiki ya mwisho wakati ukumbi umepangiwa mikutano.

Kila kipindi kiwe na kazi iliyoandikwa. "Leo napitia wimbo wa pili" si kazi. "Vipimo (bars) vya 17 hadi 24, mkono wa kushoto peke yake" ni kazi, na ukimaliza unajua umemaliza.

Wiki ya pili: kuchagua nyimbo

Soma mwongozo wa idara yako kwanza: onyesho ni la dakika ngapi, lipi lazima uimbe au upige bila noti, na mchanganyiko gani unatakiwa. Idara nyingi hutaka kazi ya zamani ya Ulaya, kazi ya karibuni, na muziki wa Kiafrika. Pima dakika kwa simu huku ukiimba kwa mwendo halisi, pamoja na muda wa kupumua na kuinama kati ya wimbo na wimbo.

Kipimo changu cha kuchagua ni hiki: kama theluthi mbili za wimbo huo huwezi kuupitia leo, hata polepole, uache kwa mwaka ujao. Wimbo ulio juu ya uwezo wako kidogo utakukuza. Ulio juu sana utakula wiki 14 zote na siku ya mtihani utasikika kama mazoezi. Waimbaji hasa wasiangalie noti ya juu kabisa peke yake. Angalia wimbo unakaa wapi muda mwingi. Noti moja ya juu inayopita haraka haimuumizi mtu. Kurasa mbili zinazoning'inia pale sauti yako inapobadilika ndizo zinazokausha koo.

Noti za bure za kazi za zamani zinapatikana kwenye tovuti ya IMSLP, na za kwaya kwenye CPDL. Programu ya MuseScore itakusaidia kuandika na kupanga noti zako bila kulipa. Kuhusu haki: sheria ya Kenya inalinda kazi ya mtunzi hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo wimbo wa mtunzi aliye hai, au wimbo wa kijijini uliopangwa kwa sauti nne na mwalimu fulani, uombee ruhusa na uandike jina lake kwenye programu ya onyesho. Wengi hufurahi sana kuulizwa.

Kama unapanga pia kufanya mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, kumbuka kwamba huwezi kukalia Gredi ya 6 hadi ya 8 ya ala kabla hujapita nadharia ya Gredi ya 5 au mtihani mwingine wanaoukubali badala yake. Shughulikia nadharia hiyo mapema, isije ikagongana na muhula wa onyesho.

Wiki ya tatu hadi ya saba: kujifunza noti hadi zikae

Vijana wengi wa magharibi ya Kenya hutoka kwenye kwaya zinazosoma solfa. Wameimba "do re mi" tangu Sunday school, na wana sikio ambalo wenzao waliosoma piano tangu utotoni hawana: wanajua noti inayofuata kabla ya kuigusa. Wakifika chuoni wakakutana na noti za mistari mitano, baadhi yao huona aibu na kuficha solfa yao. Usiifiche. Andika solfa kwa penseli juu ya noti za wimbo mpya, uimbe kwa solfa wiki ya kwanza ya wimbo huo, kisha uanze kuifuta kipande kwa kipande. Kufikia wiki yake ya tatu ukurasa uwe safi. Mpiga ala naye afanye hivyo hivyo: aimbe sehemu yake kwa solfa kabla hajaigusa kwa vidole.

Kisha anza mwisho. Chukua vipimo vinane vya mwisho wa wimbo, uvipige polepole hadi vikae, ndipo urudi nyuma kwa vinane vingine na kuunganisha. Tunazoea kuanza mwanzo kila siku, na matokeo yake kila mtu ana ukurasa wa kwanza unaong'aa na wa mwisho unaosuasua. Anayejifunza kutoka nyuma huenda akielekea mahali anapopajua, na hilo hutuliza sana siku ya mtihani.

Kwa mwendo, tumia metronomu ya simu. Anza na mapigo 60 kwa dakika. Usipande hadi upige kipande mara tatu mfululizo bila kosa, kisha panda 4 tu. Siku ukikosea mara mbili, shuka. Inachosha, ndiyo, lakini sijaona njia nyingine inayodumu.

Mwisho wa wiki ya saba, jaribu kuanza wimbo kutoka mahali popote ambapo rafiki atakunyooshea kidole. Chagua sehemu tano au sita ndani ya kila wimbo unazoweza kuziingia ghafla. Ukipotea jukwaani, utarukia iliyo karibu badala ya kurudi mwanzo.

Nyatiti, litungu, isukuti: muziki wa nyumbani usiwe wa kujazia

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo alama nyingi hupotea, na ndipo pia onyesho zuri hupata uhai. Wanafunzi wengi hutumia miezi mitatu kwa kazi ya Mjerumani na siku tatu kwa wimbo wa bibi yao, wakidhani wa bibi wanaujua. Watahini wanaoijua ngoma hiyo husikia mara moja.

Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, ala imelazwa ubavu mbele yake, njuga za chuma zinazoitwa gara zikiwa mguuni, na pete ya chuma, oduong'o, ikiwa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Kwa pete hiyo anagonga mbao ya ala na kushika mwendo. Ukiisoma kama kinubi tu, ukajifunza vidole bila mguu, umejifunza nusu. Anza na mguu peke yake, dakika kumi kila siku, ukiongea na watu huku unagonga. Mguu ukishaweza kwenda bila kuufikiria, ongeza nyuzi mbili, kisha nne, kisha sauti. Sauti ndiyo ya mwisho kwa sababu mara nyingi haifuati nyuzi moja kwa moja. Inapita juu yake ikijibizana nazo. Nyuzi za zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni uzi wa kuvulia samaki, unaopatikana kwa urahisi Kisumu. Nunua wa unene tofauti, na uwe na akiba ya kila unene kwenye begi.

Litungu la Wabukusu lina nyuzi saba na linataka mkono mwepesi. Obokano la Wakisii ni kubwa, lina nyuzi nane na sauti nzito inayojaza chumba bila maiki. Isukuti ni familia ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na huwezi kuifanya peke yako: tafuta wenzako wawili wenye subira mapema, kwa kuwa sehemu ya kila mmoja ni nyepesi na kuzishikanisha ndiko kazi yenyewe. Mwaka 2014 UNESCO iliweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kijana wa Kakamega anayeipeleka kwenye mtihani wake anafanya kazi ya maana kuliko alama.

Tafuta mwalimu wa kijijini, usitosheke na video. Nenda na mtu anayemfahamu, salimia, kaa, sikiliza kwanza. Mwite Mzee au Mama kama watu wa hapo wanavyomwita. Beba kitu: sukari, majani ya chai, na nauli yake kama utamwalika chuoni. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na umwambie rekodi itasikika wapi. Mwulize wimbo huo huimbwa lini: kwenye harusi, matanga, kuzaliwa kwa mtoto au kusifu mtu. Jibu hilo utalihitaji mara mbili, kwa mtahini na kwa mchungaji wa chuo.

Kwa mchungaji, kwa sababu bado kuna vyuo ambavyo ngoma na nyimbo za jadi huleta maswali, na maswali hayo yana historia. Wamisionari wengi walizikataa, na wazee walilelewa hivyo. Usibishane. Tafsiri maneno yote, yaandike, mpelekee kabla ya kuweka wimbo kwenye programu. Mweleze shughuli yake. Kama wimbo unamtukuza mtu kwa namna isiyofaa ndani ya kanisa la chuo, omba uuimbe katika ukumbi wa idara na uchague mwingine kwa ibada. Nimeona mashaka mengi yakiisha pale tu maneno yaliposomwa.

Na usimsikilize anayesema muziki wa jadi ni wa walioshindwa na piano. Washington Omondi, mmoja wa watano walioandaa wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963, alikuwa msomi aliyefanya utafiti wa kina juu ya kinubi cha Waluo. Mwanamuziki Ayub Ogada aliipeleka nyatiti mbali duniani. Nyatiti ilikuwa ala ya wanaume kwa desturi, lakini Eriko Mukoyama kutoka Japani alijifunza kwa Waluo na kujulikana kwa jina la Anyango. Dada, kama unaitaka, omba kufundishwa.

Mpiga piano wako

Mpatie noti safi, zilizounganishwa vizuri, kabla ya wiki ya tano. Weka alama mahali unapopumua na mahali unapopunguza mwendo. Kubaliana malipo mapema hata kama ni mwanafunzi mwenzako, na umlipe. Mkutane angalau mara nne, na mara ya mwisho iwe ndani ya ukumbi wenyewe. Mkikosana mwendo, msiulizane nani ana makosa. Imbeni sehemu hiyo pamoja bila piano kwanza.

Wiki ya nane hadi ya kumi na mbili: ibada iwe jukwaa la mazoezi

Sasa nyimbo zimekaa chumbani. Chumbani si jukwaani. Moyo ukienda mbio, pumzi hufupika na vidole hukauka, na dawa pekee ni kusimama mbele ya watu mara nyingi. Wanafunzi wa vyuo vingine hulazimika kutafuta watu wa kuwasikiliza. Wewe unao kila wiki.

Panda kidogo kidogo. Wiki ya nane imba mbele ya wenzako wawili hosteli. Wiki ya tisa mbele ya kwaya, baada ya mazoezi. Wiki ya kumi omba nafasi katika ibada. Ujumbe mfupi unatosha: "Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwanafunzi wa muziki, mwaka wa tatu. Naomba dakika nne katika ibada ya Jumatano ijayo niimbe wimbo wa zaburi. Maneno nimeyaambatisha, na nitakuja nusu saa mapema kukagua sauti." Ombi lenye dakika na maneno hukubaliwa kirahisi kuliko "naomba kuimba".

Chagua wimbo unaofaa maombi. Watu wamekuja kuabudu, na wimbo wa kuonyesha ufundi tu utawaacha nje. Ukiimba kwa kuwahudumia kweli, utapata pia kile mtihani unachotaka: maneno yanayosikika na sauti yenye maana.

Tena waumini wetu hawakai kimya. Watapiga makofi, na makofi hukimbia. Mama mmoja atapiga vigelegele katikati ya sehemu yako laini kabisa. Mwingine atakuja mbele kukutuza noti ya mia mkononi wakati mkono huo unahitajika. Pokea kwa tabasamu, inamisha kichwa, shikilia mwendo wako kwa mguu. Usifuate makofi yanapoongeza kasi. Ukishika mwendo imara kwa vipimo vinne, watu hurudi kwako. Mwanafunzi aliyeweza kushika mwendo mbele ya kanisa lililojaa Kondele, Kisumu, hatatetemeshwa na watahini watatu wenye kalamu.

Wiki ya kumi na moja nenda kanisa la mjini, usikojulikana. Ya kumi na mbili, imba programu nzima kwa mpangilio, kwa nguo na viatu utakavyovaa. Rekodi kila mara kwa simu na usikilize siku inayofuata, si usiku huo huo.

Huduma, harusi na pesa

Harusi husaidia karo, na hakuna ubaya. Kubaliana kwa ujumbe ulioandikwa: saa, nyimbo, nauli, malipo, na sehemu ya malipo kabla ya siku. Lakini tangu wiki ya kumi usichukue harusi zaidi ya moja, na wiki ya mwisho usichukue yoyote. Kwa mialiko ya makanisa, jifunze kukataa kwa upole: "Mchungaji, mwezi huu nina mtihani wa onyesho. Naomba nije Jumapili ya kwanza baada ya muhula." Taja tarehe, na uitimize.

Koo na mikono

Kesha ni baraka, ila huvunja sauti kuliko kitu kingine chochote chuoni. Ukienda, omba, na uimbe kwa sauti ndogo. Usinong'one ukiwa umekauka. Kunong'ona kwa nguvu huchosha koo, nyamaza tu. Kunywa maji siku nzima, hasa Nakuru penye vumbi na asubuhi za baridi. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mpiga ala anayesikia ganzi au maumivu yasiyoisha kwenye kifundo cha mkono asimame, asiendelee kwa imani.

Wiki ya kumi na tatu: ukumbi, sauti na stima

Nenda ukumbini saa ile ile ya mtihani. Sikiliza: mabati wakati wa mvua, jenereta, mazoezi ya bendi chumba cha pili. Piga makofi mara moja usikie mwangwi unakaa kiasi gani. Ukikaa sana, punguza mwendo na utamke maneno kwa makali zaidi.

Stima hupotea. Kama unatumia kinanda cha umeme, hakikisha kinakubali betri, ziwe mpya, na ujue dakika ngapi kinadumu. Beba adapta yake yenyewe, pedali na ekstensheni. Halafu kagua kitufe cha kupandisha au kushusha ufunguo wa wimbo (transpose). Wapigaji wa timu ya sifa hukitumia kila Jumapili na kukiacha juu au chini, na mwanafunzi hugundua akiwa tayari ameanza mbele ya watahini. Rudisha sifuri, kisha piga do na ulinganishe na simu.

Ngozi za ngoma hulegea hewa ikiwa na unyevu, na Kisumu unyevu ni wa kawaida. Zianike juani saa moja kabla, usiziweke karibu na moto mkali zikapasuka. Nyatiti na litungu vifike ukumbini mapema vizoee hewa ya ndani kabla ya kukaza nyuzi, na ukague tena dakika tano kabla ya kuingia. Kama lazima uweke maiki, isogeze karibu na ngozi ya ala, na nyingine ya mdomo iwe chini kidogo. Sauti iliyofunzwa kuimba bila maiki iache iimbe bila maiki.

Siku yenyewe

Kula chakula ulichozoea, saa mbili kabla. Pasha sauti au vidole dakika 20, usiimbe programu nzima tena, utaiacha mlangoni. Omba na wenzako kwa ufupi. Viatu viwe vile ulivyovizoea kwenye pedali.

Ingia, simama, pumua hadi tumboni mara mbili kabla ya kumtazama mpiga piano. Anza kwa mwendo uliousikia kichwani, usianze na ule unaosukumwa na moyo. Ukikosea, uso usibadilike na usirudi nyuma. Endelea hadi mahali pa karibu ulipojiwekea. Mwisho wa kila wimbo, acha sauti iishe kabisa kabla ya kushusha mikono. Inama, mwonyeshe mpiga piano kwa mkono, naye ainame.

Alama zikitoka, omba dakika kumi na mhadhiri wako kabla muhula haujafungwa, uende na rekodi na maswali matatu yaliyoandikwa. Mtumie mwalimu wako wa kijijini rekodi ya wimbo wake, au mpelekee kwa simu yako mkaisikilize pamoja. Maoni yake yatakuwa makali na ya kweli kuliko fomu ya idara. Kisha andika kwenye ratiba tarehe ya Jumapili uliyomwahidi mchungaji.